Koo la Mwanadamu: Pumzi, Riziki na Kauli katika Njia Moja

Mji wa Kindu, humu Maniema nchini Kongo, umekaa juu ya ukingo wa kushoto wa mto Lualaba, na mtaa wake mkubwa wa Alunguli uko ng'ambo ya pili, hivi kwamba wakazi wake tangu zamani wamekuwa watu wa kuitana juu ya maji; na hata leo mwenye kutaka mtumbwi huvuta pumzi, akaviringa mikono pembeni mwa kinywa, akatoa sauti ndefu ambayo mpiga kasia aliye mbali huitambua ni ya nani kabla ya kuyatambua maneno yenyewe. Koo lililotoa mwito huo ndilo litakalomeza, jioni ile ile, samaki wa mto huo pamoja na bugali na sombe, na ndilo lililopitisha pumzi bila ya mapumziko tangu mtu yule alipozaliwa. Kazi hizi tatu, yaani kuvuta hewa, kumeza chakula na kutoa kauli, hufanyika mahali pasipozidi upana wa vidole vichache, na mbili za kwanza haziwezi kufanyika kwa wakati mmoja bila ya kuleta hatari ya mauti. Swali ninalotaka kulichungua hapa ni hili: ni ipi kati ya kazi hizo iliyo ya asili, na ni zipi zilizokuja baadaye zikaazima nafasi? Kwani mtu akilijibu barabara, ataelewa kwa nini koo limeumbwa lilivyoumbwa, kwa nini huugua linavyougua, na kwa nini baadhi ya maradhi yake, ambayo majumbani mwetu huhesabiwa kuwa madogo, yanastahili kuogopwa.

Watu wasemapo koo aghalabu humaanisha sehemu yote iliyo baina ya kidevu na kifua, na matumizi hayo hayana kosa katika mazungumzo. Lakini mwenye kuchunguza hana budi kutenganisha. Nyuma ya pua na kinywa limekaa koromeo, ambalo ni mfuko wa misuli wenye urefu wa sentimita 12 hivi, unaoshuka kutoka chini ya fuvu la kichwa hadi usawa wa pingili ya sita ya shingo. Sehemu yake ya juu hupokea hewa ya pua, na ndani yake hufunguka vijia viwili viendavyo masikioni, navyo ndivyo sababu ya mtoto mwenye mafua kuumwa na sikio. Sehemu ya kati ndiyo ionekanayo mtu apanuapo kinywa mbele ya kioo, ikiwa na kilimi kinachoning'inia katika ukingo wa kaakaa laini, na tezi mbili kulia na kushoto, zile ambazo zikivimba tunasema mtu ana mafindofindo. Sehemu ya chini haionekani bila ya chombo, nayo ndiyo yenye njia panda yenyewe, kwani mbele yake liko zoloto, mlango wa bomba la pumzi, na nyuma yake uko umio uendao tumboni.

Zoloto ni jengo la magegedu tisa yaliyofungamanishwa kwa kano na kuendeshwa na misuli midogo sana. Gegedu kubwa kuliko yote lina umbo la ngao, na pembe yake ya mbele ndiyo kikoromeo kinachojitokeza shingoni mwa wanaume: kwao pande mbili za ngao hiyo hukutana kwa pembe ya nyuzi 90 hivi, ilhali kwa wanawake pembe hufikia nyuzi 120, na kwa hiyo haijitokezi. Juu ya mlango limesimama gegedu jembamba kama jani, ambalo ni kidakatonge. Ndani zimetandazwa nyuzi mbili za sauti, ambazo kwa hakika si nyuzi bali ni mikunjo ya nyama, na urefu wake kwa mtu mzima ni kiasi cha sentimita moja na nusu hadi mbili, za wanaume zikiwa ndefu na nene zaidi. Zoloto lote limetundikwa chini ya mfupa wenye umbo la kwato ya farasi, na mfupa huo una ajabu yake, kwa kuwa haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini, bali umeshikwa na misuli na kano tu. Hivyo unaweza kupanda na kushuka pamoja na zoloto kila mtu amezapo. Chini ya zoloto hushuka bomba la pumzi, lenye pete za gegedu zipatazo 16 hadi 20, kila pete ikiwa imekatika upande wa nyuma, mahali linapogusana na umio, na nafasi hiyo laini huuachia umio kupanuka tonge lipitapo.

Sasa tulichukue tonge moja la bugali na tuifuate safari yake. Maadamu tonge limo kinywani, mtu ana hiari nalo: aweza kulitafuna, kuligeuza, hata kulitema, lakini ulimi ukishalisukuma nyuma likagusa nguzo za koo, hiari imekwisha, na kazi yote hukabidhiwa shina la ubongo, ambalo huiendesha kwa utaratibu wake lenyewe. Kaakaa laini huinuka likaziba njia ya pua, zoloto zima hupanda juu na mbele, jambo ambalo kila mtu aweza kulithibitisha kwa kuweka kidole juu ya kikoromeo na kumeza mate, kidakatonge hulala juu ya mlango, chini yake nyuzi za sauti hukutana na kufunga kabisa, pumzi husimama, na mlango wa umio, ambao kwa kawaida hukaa umebana, hulegea ukalipokea tonge. Hayo yote, tangu tonge kuingia koromeo hadi kuingia umio, hutimia katika muda usiofika sekunde moja, na pumzi hurejea, aghalabu kwa kutoa hewa kwanza, ili chembe iliyosalia mlangoni ipeperushwe nje. Ulinzi huu una tabaka zaidi ya moja. Wagonjwa waliokatwa kidakatonge na matabibu kwa sababu ya uvimbe wengi wao hujifunza kumeza tena, kwa kuwa nyuzi za sauti na ule mpando wa zoloto vimebaki. Na endapo tabaka zote zimeshindwa, bado kuna kikohozi, ambacho ni kufunga mlango, kukusanya hewa kwa nguvu chini yake, kisha kuufungua ghafula.

Mwenye kuujua utaratibu huu atafahamu kwa nini mgonjwa wa kiharusi hupaliwa na maji kabla ya kupaliwa na uji: maji hukimbia, na shina la ubongo lililoumia huchelewa kutoa amri. Atafahamu pia ukubwa wa hatari ya desturi moja ambayo nimeiona katika nyumba za watu wema wenye kuwapenda watoto wao, nayo ni kumlaza mtoto chali, kumziba pua, na kummiminia dawa kinywani ili alazimike kuimeza. Mtoto aliyezibwa pua hana pa kuvutia pumzi ila kinywani, na akivuta wakati kinywa kimejaa, dawa huenda mapafuni. Na kwa mtoto anayetetemeka kwa degedege au aliyezimia, hali ni mbaya zaidi, kwani mlango wake hauna mlinzi. Mtoto huyo hulazwa ubavu, hapewi kitu chochote kwa kinywa, hupelekwa kwa tabibu.

Ama mtu mzima aliyepaliwa, ikiwa bado anaweza kukohoa, aachwe akohoe, kwa kuwa hakuna mkono wa mtu uwezao kufanya kazi ile vizuri kuliko kikohozi chake mwenyewe. Akiwa hawezi kukohoa wala kusema wala kuvuta pumzi, huinamishwa mbele na kupigwa kwa kitako cha kiganja baina ya mabega, mara tano. Isipofaa, mwokozi husimama nyuma yake, akafunga ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, akavuta kwa nguvu kuelekea ndani na juu, njia ambayo tabibu wa Marekani Henry Heimlich aliieneza tangu mwaka 1974. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo, bali hulazwa kifudifudi juu ya mkono akapigwa mgongoni, kisha akageuzwa na kubonyezwa kifuani kwa vidole viwili. Na kwa sisi tunaoishi kwa samaki wa Lualaba, kuna jambo la mwiba: mwiba ulionasa kooni hausukumwi kwa tonge kubwa la bugali, ingawa kila mzee atakuambia hivyo, kwa maana tonge huweza kuuchomeka ndani zaidi, ukatoboa umio, na kidonda cha umio ndani ya kifua ni maradhi ambayo hata hospitali kubwa huyahofu.

Basi turudi kwenye swali la asili. Katika vinamasi vya bonde la Kongo anaishi samaki aitwaye kamongo, ambaye pamoja na matamvua yake ana mapafu, na maji yakikauka huweza kujifukia matopeni na kukaa miezi akipumua hewa. Samaki huyu hana sauti ya kutajwa, lakini chini ya koo lake, mahali njia ya mapafu inapoanzia, ana tundu dogo lenye msuli wa kulifunga, ili maji yasiingie mapafuni. Tabibu wa Kiingereza Victor Negus, ambaye kitabu chake juu ya zoloto kilitoka mwaka 1929, alilinganisha makoo ya wanyama wengi, akaonyesha kwamba huo ndio mwanzo wa zoloto: mlango wa kuzuia. Kupanuka kwa mlango huo ili hewa nyingi ipite kwa wepesi kulikuja baadaye, na sauti ilikuja mwisho kabisa. Kwa hiyo zoloto lilikuwa bawabu kabla ya kuwa mwimbaji, na hata leo kazi hizo mbili zikigongana, ile ya ubawabu ndiyo hushinda: hakuna awezaye kusema na kumeza kwa pamoja, na ajaribuye hupaliwa.

Mlango huu una kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mtazame mama wa Maniema anayeinua kikapu cha mihogo kwa ukanda wa kipaji, au mchukuzi wa bandarini anayejitwisha gunia, au mzazi aliye katika uchungu: kila mmoja hujaza kifua hewa, akafunga zoloto, na hewa iliyofungiwa hukifanya kiwiliwili kuwa kigumu, misuli ikapata pa kujiegemeza. Mguno usikikao mzigo unapotua ni hewa hiyo ikiachiliwa. Mtu aliyetobolewa bomba la pumzi chini ya zoloto, hewa ikawa inapita tunduni, hupungukiwa na uwezo huu wa kujikaza hata kama mikono na miguu yake ni mizima.

Imebaki ajabu moja ambayo imewashughulisha wataalamu tangu Charles Darwin alipoitaja katika kitabu chake cha mwaka 1859, kwamba kila chembe ya chakula na kinywaji hupita juu ya mlango wa mapafu. Kwa mtoto mchanga zoloto huwa juu, karibu na kaakaa. Miaka inavyopita hushuka, na kwa mvulana anayebaleghe hushuka na kukua zaidi, ndipo sauti yake ikavunjika. Nusu ya pili ya karne ya 20 ilitawaliwa na rai ya Mmarekani Philip Lieberman na wenzake, waliosema kwamba mshuko huo ndio uliomfanya mwanadamu aweze kusema, kwa kuwa ulimpatia chumba kirefu nyuma ya ulimi cha kuzitenga irabu, na kwamba hatari ya kupaliwa ndiyo mahari aliyolipa. Rai hii ilipendeza, nami naona ilipendeza kupita kiasi. Mwaka 2001 ilibainishwa kwamba kulungu wekundu dume nao wana zoloto lililoshuka, na hawasemi neno. Na mwaka 2016 watafiti waliopiga picha za eksirei za tumbili akila na akipiga kelele walionyesha kwamba koo na kinywa chake vingeweza kutoa irabu za kutosha kwa usemi, lau angekuwa na ubongo wa kuviendesha. Kilichomtofautisha mwanadamu, basi, ni amri zitokazo juu kuliko jengo lenyewe. Na jengo, ajabu zaidi, limepungua: utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nyani na tumbili wana utando mwembamba wa ziada katika ukingo wa nyuzi za sauti, ambao mwanadamu ameupoteza, pamoja na vifuko vya hewa walivyo navyo sokwe wa misitu yetu. Lesula, tumbili wa bonde la Lomami aliyetambulishwa kwa elimu ya dunia mwaka 2012, hunguruma alfajiri kwa sauti nzito ipenyayo msitu mkubwa. Mwanadamu hana ngurumo hiyo, lakini sauti yake ni tulivu na thabiti, haikatikikatiki wala haichanganyikani, na juu ya sauti ya namna hiyo ndipo maneno yaliwezekana kujengwa.

Namna sauti inavyotokea haikuonekana kwa macho ndani ya mtu hai mpaka karne ya 19, na aliyeiona, kwa furaha yangu, hakuwa tabibu bali mwalimu wa kuimba. Manuel García, Mhispania aliyefundisha London, mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakipasha moto kisije kikafifia kwa mvuke, akakitia nyuma ya kinywa chake, na kwa kioo kingine akaelekeza mwanga wa jua ndani. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufungwa. Aliishi hadi mwaka 1906, akiwa amevuka umri wa miaka 100, akaheshimiwa na matabibu wa Ulaya nzima. Alichokiona ni hiki: hewa itokayo mapafuni huzikuta nyuzi zimekaribiana, huzisukuma zikaachana, nazo hurudiana, na mwendo huo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde moja, zaidi kidogo ya mara 100 kwa mwanamume, kiasi cha mara 200 kwa mwanamke, na 300 hivi kwa mtoto. Sauti hiyo ghafi ingekuwa mlio tu, kama koromeo, ulimi, kaakaa na midomo visingeifinyanga.

Lakini kujua kwamba herufi zina mahali pake kooni ni elimu ya kale kuliko kioo cha García. Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, katika karne ya 8, alipanga kamusi yake ya Kiarabu kwa kuanzia herufi zitokazo ndani kabisa ya koo na kuishia midomoni, na kwa hiyo kamusi yenyewe ikaitwa kwa jina la herufi ayn. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala juu ya sababu za kutokea kwa herufi, akatenga mlango mzima wa kueleza magegedu ya zoloto na misuli ya ulimi. Wanafunzi wa vyuo vya Qurani katika Kasongo, Nyangwe na Kindu, ambako dini ilifika pamoja na misafara ya pwani katika karne ya 19, hufundishwa hata leo kwamba herufi za halki ni sita na makhraji yake ni matatu: mwisho wa halki hutoka hamza na ha nyepesi, katikati hutoka ayn na ha nzito, na karibu na kinywa hutoka ghayn na kha. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kilega au Kisongola huanza na misuli ambayo haijapata kufanya kazi hizo. Na mgawanyo huo wa makhraji, ukiulinganisha na maumbile tuliyoyataja, umesadifu: jozi ya kwanza hutokea katika nyuzi za sauti zenyewe, ya pili katika koromeo lililobanwa na shina la ulimi, ya tatu karibu na kilimi.

Lugha zetu za asili nazo zimelitumia zoloto kwa hikima nyingine. Katika Kilega, kama katika lugha nyingi za Kibantu za msituni, neno lililotamkwa kwa sauti ya juu laweza kuwa na maana tofauti na neno lile lile likitamkwa kwa sauti ya chini, na tofauti hiyo yote hufanywa na msuli mmoja hasa, unaolivuta gegedu la ngao ili nyuzi zikazike au zilegee. Kiswahili hakina jambo hili. Juu ya msingi huo ndipo ngoma za kusema zilipojengwa, kama lukumbi ya Watetela na ndugu zao wa upande wa Kibombo, ambazo ni gogo lililochimbwa lenye mlio wa juu na wa chini: ngoma haiwezi kutoa konsonanti wala irabu, hubeba panda-shuka ya zoloto peke yake, na kwa kuwa maneno mengi hushirikiana panda-shuka moja, mpigaji hulirefusha kila neno kwa kulitia katika msemo mzima ili lisidhaniwe jingine. John Carrington, mmisionari wa Yakusu karibu na Kisangani, alilieleza jambo hili kwa Walokele katika kitabu cha mwaka 1949. Mtu akitaka ushahidi kwamba sauti ya nyuzi na umbo la matamshi ni vitu viwili vitengekavyo, hahitaji maabara. Gogo lile lamtosha.

Nimelitukuza koo kwa kauli yake, na sasa sina budi kusema juu ya maradhi yake, ambayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Bawabu hukaa mlangoni, na akaaye mlangoni ndiye akutanaye na adui kwanza. Zile tezi za koo, pamoja na nyingine zilizo nyuma ya pua na kwenye shina la ulimi, hufanya duara la ulinzi ambamo mwili wa mtoto hujifunza kuwatambua wadudu wa maradhi; kwa hiyo kuvimba kwake mara moja moja si dalili ya ubovu wake. Vilevile kilimi, ambacho katika nchi za Tanzania na Kenya, na hata Uhabeshi na Afrika ya Magharibi, baadhi ya waganga hukikata kwa kuamini kwamba ndicho kiletacho kikohozi kisichokoma, hakina hatia ya kikohozi hicho. Mtoto aliyekatwa huvuja damu, huweza kupata pepopunda au maradhi mengine ya wembe uliotumiwa kwa wengi, na homa ya mapafu au kifua kikuu kilichokuwa kikimkohoza kwa kweli huendelea bila ya dawa.

Juu ya shingo za watu wa Maniema yamepita mikono ya kila namna. Mwanzoni mwa karne ya 20 Joseph Everett Dutton na mwenzake John Lancelot Todd, matabibu wa chuo cha Liverpool, walipanda mto Kongo wakipapasa tezi za shingo za maelfu ya watu ili kuwatambua wenye ugonjwa wa malale, kwani tezi za nyuma ya shingo huvimba mapema katika maradhi hayo. Dutton mwenyewe alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, kwa homa ya kupe, akiwa na umri wa miaka 30. Siku hizi shingo zetu huvimbishwa na mpox, ambayo hutoa vidonda si juu ya ngozi tu bali hata kinywani na kooni, na mtoto mwenye vidonda hivyo hukataa kunywa kwa maumivu, akakaukiwa na maji. Katika jaribio la dawa ya tecovirimat lililofanywa tangu mwaka 2022 Tunda, humu Maniema, na Kole katika Sankuru, kwa wagonjwa 597, dawa haikuharakisha kupona. Lakini waliokufa, waliopewa dawa na wasiopewa, walikuwa asilimia 1.7 tu, pungufu ya ilivyozoeleka nchini, na wataalamu walilihusisha jambo hilo na uangalizi wa hospitali. Katika uangalizi wa namna hiyo, kumlisha na kumnywesha mgonjwa ambaye koo lake halitaki si jambo dogo.

Chini ya zoloto, mbele ya bomba la pumzi, imelala tezi ambayo ikikosa madini ya joto, yaani iodini, huvimba ikawa rovu. Uchunguzi uliofanywa katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, tangu miaka ya 1960 ulileta funzo linalotuhusu sisi walaji wa mihogo: upungufu wa iodini ulikuwa sawa kaskazini na kusini-magharibi ya kisiwa, lakini rovu lilikithiri kaskazini, walikokula mihogo zaidi, kwa kuwa sumu ya mihogo isiyoandaliwa vizuri hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua iodini hiyo kidogo iliyopo. Chumvi yenye iodini na kuroweka mihogo siku za kutosha ni kinga mbili, na zote mbili zimo ndani ya uwezo wa mama wa nyumbani.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kusema juu ya ugonjwa mmoja tu, ningesema juu ya koo linalouma la mtoto wa shule. Mengi ya makoo hayo huumizwa na virusi, na hupona yenyewe. Kwa watoto, wawili au watatu hivi katika kila kumi huwa wameshikwa na bakteria aitwaye streptokoki. Huyu aghalabu huja bila ya kikohozi wala mafua, kwa homa ya ghafula, tezi za shingo zikiuma ziguswapo, na utando wa usaha juu ya mafindo. Naye pia, mara nyingi, huondoka mwenyewe baada ya siku chache, na hapo ndipo ulipo mtego: kinga ya mwili iliyoandaliwa dhidi yake, kwa baadhi ya watoto, hasa wa umri wa miaka 5 hadi 15, hugeuka wiki chache baadaye ikashambulia viungo vya mwili na vali za moyo. Penisilini, sindano moja ya benzathini au vidonge vya siku kumi vilivyomalizwa vyote, huzuia jambo hilo hata ikianza kutolewa ndani ya siku tisa tangu koo kuanza kuuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 juu ya wanafunzi wa Kinshasa ulikuta kiasi cha 14 katika kila 1,000 wenye moyo ulioharibiwa kwa njia hii. Wazazi wengi hawakumbuki hata siku ambayo koo la mtoto liliuma. Wanachokiona, miaka mingi baadaye, ni binti anayehema akipanda kilima au akibeba mimba yake ya kwanza.

Maradhi hayo ya moyo huweza kulirudia zoloto kwa njia ambayo mtu asiyejua maumbile hawezi kuikisia. Mishipa ya fahamu inayoziendesha nyuzi za sauti haishuki moja kwa moja kutoka ubongoni hadi kwenye zoloto. Ule wa kushoto hupita shingo yote, huingia kifuani, huzunguka chini ya upinde wa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo hupanda tena hadi kooni. Galeni, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliukata mshipa huu kwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele mbele ya hadhara, na mnyama akanyamaza papo hapo, akiendelea kufurukuta bila ya sauti. Sasa vali iliyo baina ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo ikiharibiwa na maradhi yale ya utotoni na kuwa nyembamba, chumba cha juu hujaa damu na kutanuka, mshipa mkubwa wa mapafu nao hufura, na ule mshipa wa fahamu hubanwa baina yake na upinde uliouzunguka. Uzi wa kushoto wa sauti hupooza. Norbert Ortner wa Vienna alilieleza jambo hili mwaka 1897. Mgonjwa humjia tabibu wa koo akilalamika kwamba sauti imempwelea kwa wiki kadhaa na asali na tangawizi hazikufaa, na tabibu mwenye kuijua njia ya mshipa ule, akishaangalia kooni, hukiweka chombo chake cha kusikilizia juu ya kifua.